Ndege Mbili za 5H: Mwisho wa Super VC10

Weka rula juu ya ramani ya Afrika Mashariki, ncha moja kwenye kiwanja cha ndege cha Embakasi, Nairobi, na ncha nyingine kwenye kiwanja cha Dar es Salaam. Mstari utaacha Kilimanjaro upande wa magharibi, utapita juu ya milima ya Usambara jirani na Lushoto, kisha utaangukia Korogwe, mji wa mkonge na reli kando ya mto Pangani. Vijiji vya wilaya ya Handeni viko pembeni kidogo, kusini-magharibi. Kutoka Korogwe mpaka Dar es Salaam kwa mstari huo zimebaki kama kilomita 200, na jeti iliyotoka Nairobi ikifika hapo inakaribia kuanza kushuka.

Kati ya mwaka 1966 na 1977, jeti kubwa kuliko zote zilizofanya safari hiyo chini ya jina la Afrika Mashariki zilikuwa Super VC10 za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Shirika lilikuwa nazo 5. Mbili kati yake ziliandikishwa Tanzania, na kwa hiyo namba zake za usajili zilianza kwa 5H: moja 5H-MMT, nyingine 5H-MOG. Hizo mbili ndizo zilizokuja kuwa VC10 za mwisho kuruka duniani. Wapenzi wa ndege wa Uingereza wanaijua habari hiyo kwa moyo. Tanzania, nchi ambayo herufi zake ziliandikwa ubavuni mwa ndege hizo, haijaisimulia vya kutosha.

Usafiri wa anga ulifika mkoa wa Tanga mapema. Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson, ilikuwa na safari za pwani zilizopitia Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Vita Kuu ya Pili ilipoanza kampuni hiyo ikafa. Vita vilipokwisha, serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zikaunda shirika la pamoja, na Januari 1946 likaanza kazi kwa ndege 6 aina ya Dragon Rapide: za injini mbili, mabawa ghorofa mbili, mwili wa mbao na kitambaa. Tanga ilikuwamo katika ratiba tangu mwanzo. Abiria wake wengi walikuwa maofisa wa serikali, wafanyabiashara na mameneja wa mashamba ya mkonge. Mkata mkonge wa Korogwe au mkulima wa mahindi wa Handeni aliziona kwa macho tu.

Baada ya Rapide zikaja Lodestar, halafu Dakota. Dakota ilikuwa punda wa shirika kwa miaka mingi, ikitua kwenye viwanja vya udongo na vya lami bila kuchagua. Ila haikuweza kupanda juu sana, na njia ya Dar es Salaam–Nairobi ina mlima mrefu kuliko yote Afrika. Tarehe 18 Mei 1955 Dakota ya shirika, VP-KKH, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga ubavu wa Mawenzi, kilele cha Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa.

Enzi ya jeti ilianza mwaka 1960, shirika lilipopokea jeti za Comet 4 kwa safari za London. Comet ilikuwa nzuri na ya kasi, lakini ndogo, na mafuta yake hayakuifikisha mbali bila vituo vingi njiani. Hapo ndipo VC10 inapoingia.

Ili kuelewa kwa nini Nairobi iliitaka ndege hii kuliko miji mingine mingi, lazima kuelewa hewa ya Nairobi. Kiwanja cha Embakasi kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, na jua la mchana huizidishia wepesi. Injini ya jeti inakula hewa. Ikipata hewa nyepesi, nguvu zake hupungua. Bawa nalo linabebwa na hewa. Ikiwa nyepesi, ndege lazima ikimbie kwa kasi zaidi ndipo inyanyuke. Hivyo rubani wa Nairobi alikutwa na mambo mawili kwa pamoja: ndege inachelewa kupata kasi, na kasi inayohitajika imeongezeka. Dawa za wakati ule zilikuwa mbili, kurefusha njia ya kurukia au kupunguza mzigo. Ukipunguza abiria, hasara. Ukipunguza mafuta, itabidi utue njiani kuyaongeza.

BOAC, shirika la ndege la Uingereza la safari za mbali, lilikuwa na tatizo hilohilo kwenye viwanja vingi vya njia zake za Afrika na Asia: Nairobi, Entebbe, Kano, Johannesburg. Boeing 707 ya Marekani ilitengenezwa ikitazamia njia ndefu za kurukia. Kwa hiyo kampuni ya Vickers, kwenye kiwanda chake cha Weybridge kusini mwa London, ikasanifu ndege kwa ajili ya viwanja vya namna hiyo. Injini 4 za Rolls-Royce Conway ziliwekwa nyuma, mbili kila upande wa mkia. Mabawa yakabaki matupu, bila injini kuning'inia, na hiyo ikatoa nafasi ya vibawa vya kunyanyulia kutanda karibu urefu wote wa bawa, mbele na nyuma. Matokeo yake VC10 ilinyanyuka mapema na ilitua kwa mwendo wa chini kuliko 707. Kwa abiria kulikuwa na faida nyingine: kelele zote zilibaki nyuma, na waliokaa mbele walisafiri kwa utulivu ambao jeti nyingine za wakati ule hazikuwa nao. Waliokuwa chini, jirani na kiwanja, hawakupata utulivu wowote. Conway ilikuwa na ngurumo ya kutikisa madirisha.

VC10 ya kwanza iliruka tarehe 29 Juni 1962. Safari yake ya kwanza ya abiria, Aprili 1964, ilikuwa London–Lagos. Ilianzia Afrika, kama ilivyokusudiwa. Super VC10, ndefu zaidi kwa kama mita 4, ikafuata mwaka 1965.

Kibiashara mambo yalikwenda vibaya. Nchi nyingi zilirefusha njia zao za kurukia ili kuzipokea 707, na zilipofanya hivyo sifa kuu ya VC10 ikapungua thamani. Ilikuwa inakula mafuta mengi kuliko mshindani wake, na BOAC yenyewe, iliyoiagiza, ikaanza kulalamika hadharani juu ya gharama. Zikaundwa 54 tu, ilhali 707 zilipita 800. Wateja wa Afrika waliozinunua mpya walikuwa wachache: Ghana ilichukua mbili, Afrika Mashariki ikachukua 5.

Hizo 5 zina mpangilio wa kuvutia. Ya kwanza, 5X-UVA, ilikabidhiwa mwisho wa Septemba 1966, na 5H-MMT ikafuata Oktoba. Mwaka 1967 ikaja 5Y-ADA, mwaka 1969 5X-UVJ, na Februari 1970 5H-MOG. Kwa utaratibu wa kimataifa 5X ni Uganda, 5Y ni Kenya, 5H ni Tanzania. Shirika liligawa usajili kwa nchi zote tatu ingawa ndege zote zililala na kufanyiwa matengenezo Nairobi. Zote zilipakwa rangi zilezile na kubeba alama ileile ya simba. Ukisimama Embakasi ukaziona zimepangana, herufi hizo ndizo peke yake zilizokuambia ipi ni ya nani. Kampala, Juni 1967, marais wa nchi tatu walitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mgawanyo wa herufi kwenye ndege ulikuwa mkataba huo umepakwa rangi.

Na 5H-MOG ina sifa ambayo hakuna anayeweza kuinyang'anya: ni VC10 ya mwisho kabisa kuundwa. Ilipotoka Weybridge, kiwanda hakikuunda nyingine.

Ndege hizo zilifika mbali. Zilikwenda London kupitia miji ya Ulaya, zikaenda Karachi na Bombay, na kwa muda mfupi mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikafika hata New York. Wanafunzi wa Tanzania waliopata nafasi za masomo Uingereza waliondokea humo, na baadhi yao hawakuwahi kupanda ndege ya aina yoyote kabla ya siku hiyo. Mwaka 1971 Jumuiya ilifungua chuo cha urubani Soroti, Uganda, ili vijana wa nchi tatu wazirushe wenyewe ndege za shirika lao.

Moja haikurudi. Tarehe 18 Aprili 1972, 5X-UVA ilikuwa Addis Ababa, kiwanja cha juu kuliko hata Nairobi, njiani kwenda Roma na London. Ikiwa katika mbio za kuruka, tairi la gurudumu la mbele lilipasuka baada ya kukanyaga chuma kilichoachwa juu ya lami. Rubani aliamua kusimama. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaanguka kwenye bonde lililo mbele yake na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa. Ndege iliyosanifiwa kwa viwanja vya juu ilimalizikia kwenye kimojawapo cha juu kuliko vyote.

Zikabaki 4, na zilidumu shirikani miaka 5 zaidi. Kilichoziondoa ni madeni na siasa. Nchi wanachama zilikuwa zikidaiana, fedha za shirika hazikuvuka mipaka kwa wakati, na Kampala ya Idi Amin na Dar es Salaam ya Mwalimu Nyerere hazikuwa zikizungumza. Januari 1977 Kenya iliunda Kenya Airways, na katika wiki hizohizo shirika la pamoja likasimama. Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Machi 11 ikazaliwa Air Tanzania, iliyoanza na ndege ndogo, zikiwamo Fokker Friendship na Twin Otter, kabla ya kupata Boeing 737 mbili. Kufikia katikati ya mwaka Jumuiya yenyewe ilikuwa imevunjika.

Super VC10 hazikugawanywa. Hazikuwa zimelipiwa zote, na mwaka uleule zikarudi Uingereza kwa waliozitengeneza. Zikaegeshwa Filton, jirani na Bristol, zikisubiri mnunuzi.

Kuanzia hapa, anayetaka kuzifuata inabidi afanye kazi ya upelelezi ambayo wapenzi wa ndege wakongwe wanaifahamu. Rangi hubadilika, jina hubadilika, namba ya usajili hubadilika kila mwenye mali anapobadilika. Kitu kisichobadilika ni namba ya kiwandani, ile inayogongwa kwenye kibati siku ndege inapoundwa. Super VC10 za Afrika Mashariki zilikuwa namba 881 mpaka 885. Ya 881 iliungua Addis Ababa. Ya 882 ni 5H-MMT, ya 883 ni 5Y-ADA, ya 884 ni 5X-UVJ, ya 885 ni 5H-MOG. Mwenye namba hizo hawezi kupotewa na ndege, hata ikipakwa rangi gani.

Jeshi la Anga la Uingereza lilizinunua zote 4 mwaka 1978, pamoja na VC10 nyingine 5 zilizokuwa za Gulf Air, shirika lililowahudumia pia watu wa Oman. Lengo lilikuwa kuzigeuza matangi yanayoruka, ya kuzijaza ndege za kivita mafuta zikiwa angani. Ndani ya chumba cha abiria yangefungwa matangi 5 makubwa ya duara.

Hapo kilijitokeza kitu kimoja kidogo kilichoamuliwa kwa ajili ya Afrika Mashariki zaidi ya miaka kumi kabla. Shirika lilipoagiza Super VC10 lilitaka zibebe mizigo pamoja na abiria, kwa hiyo mbele, ubavuni kushoto, ziliwekewa mlango mpana wa mizigo. Ndege za Gulf Air hazikuwa na mlango huo. Mafundi walilazimika kufumua paa ili kuingiza matangi. Za Afrika Mashariki walifungua mlango, wakayasukuma ndani moja baada ya jingine, wakafunga. Mlango uliotengenezwa kwa ajili ya shehena za Nairobi ukawa njia ya kuingizia mafuta ya jeshi.

Kati ya 1984 na 1986 zikarudi angani kwa rangi za kijeshi na majina mapya: ZA147, ZA148, ZA149 na ZA150. Chini ya kila bawa na chini ya tumbo zilikuwa na mpira mrefu wenye kikapu mwishoni, na ndege ya kivita iliyokuwa nyuma ilichomeka pua yake humo na kunywa. Mwaka 1991 zilikuwa Ghuba wakati wa vita vya kuikomboa Kuwait. Zilirudi huko mwaka 2003 kwa vita vya Iraq.

Wakati huo mashirika ya abiria yalikuwa yameshaziacha VC10. British Airways, mrithi wa BOAC, lilifanya safari yake ya mwisho ya ratiba kwa Super VC10 mwishoni mwa Machi 1981, na safari hiyo iliondokea Dar es Salaam kwenda London kupitia Cyprus. Jambo hili linastahili kukumbukwa Dar es Salaam kuliko linavyokumbukwa. Kiwanja cha Dar ni sehemu ya historia ya ndege hii kwa pande zote mbili: kwa 5H zake zenyewe na kwa kuwaaga abiria wa mwisho wa wengine.

Miaka ikapita, na VC10 za jeshi zikapungua. Nyingine zilichakaa, nyingine zilivunjwa ili vipuri vyake vizihudumie zilizobaki, kwa sababu hapakuwa na kiwanda kilichotengeneza vipya. Wale wanaofuata ndege kongwe wakaanza kuhesabu: zimebaki 10, zimebaki 5, zimebaki 3. Machi 2013 namba 884, iliyokuwa 5X-UVJ ya Uganda, ilitua Bruntingthorpe katikati ya Uingereza na baadaye ikavunjwa. Agosti ya mwaka huohuo namba 883, 5Y-ADA ya Kenya, ikapelekwa Newquay, pwani ya magharibi. Zikabaki mbili zinazoruka duniani kote, 882 na 885, na zote mbili zilikuwa za Tanzania.

Tarehe 20 Septemba 2013 ndege hizo mbili ziliruka pamoja kwa kazi ya mwisho ya kijeshi, zikizunguka anga ya Uingereza na kujaza mafuta ndege za kivita. Watu walisimama kwenye uzio wa viwanja na juu ya vilima kuzitazama. Tarehe 24 ZA150, yaani 5H-MOG, ilitua Dunsfold, kiwanja kidogo katika jimbo la Surrey, si mbali na Weybridge ilikozaliwa. Siku iliyofuata ZA147, yaani 5H-MMT, ikaruka peke yake na kutua Bruntingthorpe. Hiyo ikawa safari ya mwisho ya VC10 yoyote, miaka 51 baada ya ile ya kwanza na miaka 47 baada ya 5H-MMT kukabidhiwa.

Katika umri huo wote wa miaka 47, karibu 11 tu ndiyo iliyotumika Afrika Mashariki. Hilo halipunguzi uzito wa jambo. Ndege ilinunuliwa na kulipiwa, kwa kiasi kilichowezekana kulipwa, kwa fedha za nchi zilizokuwa zikiuza mkonge, kahawa, pamba na chai, na mkonge wa Korogwe na Handeni ulikuwamo kwenye hesabu hiyo. Mlango uliorahisisha maisha yake ya pili uliagizwa na shirika hilo. Na sababu yenyewe ya kuwapo VC10 duniani ilikuwa hewa nyepesi ya viwanja kama Nairobi na Entebbe. Kuisimulia kama kumbukumbu ya Waingereza peke yao ni kuacha nusu ya hadithi.

5H-MOG ilibaki Dunsfold ilikotua. Ilichukuliwa na jumba la makumbusho la Brooklands, lililojengwa palepale Weybridge zilipoundwa VC10 zote, na wanaojitolea waliitunza, wakiwasha injini zake mara kwa mara na kuikimbiza kwenye njia ya kurukia bila kuiacha inyanyuke. Pale Brooklands penyewe ipo VC10 nyingine, iliyokuwa ya Sultani Qaboos wa Oman, aliyeitoa kwa makumbusho hayo mwaka 1987. Ndani bado ina viti na mapambo ya kifalme. Mtanzania anayeishi London akipata nafasi ya kuifikia ile ya Dunsfold, aulize habari za mlango wa mizigo wa mbele kushoto na namba 885.